Chakula, Utumbo na Uzee: Mafunzo Kutoka Riyadh na Jeddah

Makala hii ya afya inaangazia uhusiano uliopo baina ya chakula, utumbo na uzee, kwa kuitupia jicho miji miwili mikubwa ya Saudi Arabia, yaani Riyadh na Jeddah.

Mwili unapojeruhiwa au kuingiliwa na vijidudu, hujihami kwa joto, wekundu na uvimbe. Hali hiyo huitwa mchochota, na ni kinga yenye manufaa inayotakiwa kukoma kazi yake inapokwisha. Lakini kwa wazee wengi mchochota hafifu hubakia ukifukuta kwa miaka mingi, mithili ya kaa la moto chini ya majivu. Mwaka 2000, mtaalamu wa Italia Claudio Franceschi na wenzake walieleza kuwa hali hiyo inaambatana na kuzeeka kwenyewe. Inahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari na kudhoofika kwa misuli.

Je, utumbo unahusikaje? Katika utumbo mpana wanaishi matrilioni ya bakteria. Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi za nafaka, kunde, mboga na matunda, ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuzisaga. Bakteria hao huzigeuza kuwa asidi, ikiwemo butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza mchochota. Nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi yao huanza kula ute unaoulinda ukuta huo. Ukuta ukilegea, vipande vya bakteria hupenya na kuingia katika damu, na mfumo wa kinga huamka kana kwamba mwili umevamiwa.

Wazee wa Najd, eneo lenye mji wa Riyadh, walilelewa kwa jarish, yaani ngano iliyopondwa na kupikwa kwa maziwa yaliyochachuka. Chakula hicho, kinachofanana kwa kiasi fulani na bokoboko la pwani ya Afrika Mashariki, kilitangazwa kuwa chakula cha taifa mwezi Januari 2023. Huko Jeddah, sahani ya ful, yaani maharage ya baqila, ni kifungua kinywa cha tangu jadi. Hata hivyo, utajiri wa mafuta ulipoingia, wali mweupe, vyakula vya kukaangwa na soda vilichukua nafasi kubwa mezani, huku gari likichukua nafasi ya miguu.

Serikali imechukua hatua. Mwaka 2017 soda zilitozwa ushuru wa asilimia 50, na mwaka 2019 ushuru huo ukapanuliwa hadi vinywaji vingine vyenye sukari. Mwezi Januari 2024, Shirika la Afya Duniani liliitambua Saudi Arabia kuwa miongoni mwa nchi tano za kwanza zilizofanikiwa kuondoa mafuta hatari yanayotengenezwa viwandani.

Je, mzee aliyezoea mlo mbaya amechelewa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watu 612 wenye umri wa miaka 65 hadi 79 katika nchi tano za Ulaya. Waliofuata kwa mwaka mmoja mlo wa mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni walionekana kuongezeka bakteria wanaohusishwa na mchochota mdogo na udhaifu mdogo wa uzeeni. Vyakula hivyo si vigeni kwa Saudi Arabia: samaki huvuliwa Bahari ya Sham, na zeituni hustawi huko Al-Jawf.

Pamoja na hayo, tahadhari inahitajika. Nyuzinyuzi ziongezwe kidogo kidogo pamoja na maji, kwani kiu ya mzee hupungua hata katika joto kali. Tende zina nyuzinyuzi lakini pia sukari nyingi, hivyo mwenye kisukari apate ushauri wa daktari. Aliyepoteza meno apikiwe kunde na mboga laini, badala ya kuachiwa mkate mweupe na chai ya sukari.

Hakuna chakula kinachorejesha ujana. Lakini kumkirimu mzee si kumjazia sinia tu, bali ni kumpa kile kitakachomwezesha kusimama na kutembea bila kushikwa mkono.