Mama, Isemee Zahanati Yako



Mtoto wako amefika miezi 9, umembeba hadi zahanati apate chanjo ya surua. Unaambiwa friji imeharibika, hakuna chanjo. Chanjo ya surua huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8; bila friji huharibika. Unarudi nyumbani na mtoto ambaye hajakingwa.

Je, friji hiyo ni jukumu la nani? Katiba ya 2010 iliweka zahanati, vituo vya afya na ambulensi chini ya serikali ya kaunti. Pesa zake hutoka kwenye bajeti ya kaunti, na sheria inataka wananchi watoe maoni kabla bajeti haijapitishwa. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukingoja Juni, umechelewa.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza, uliza ofisi ya msimamizi wa wadi mkutano ni lini. Pili, kubalianeni kwenye chama chenu jambo moja: friji, maji, au kitanda cha kujifungulia. Tatu, mliseme mkutanoni, na mlipeleke pia kwa maandishi mbaki na nakala. Mwaka ukiisha, ulizeni limefikia wapi.

Barabara ina wengi wa kuiombea. Friji ya chanjo isipoombewa na mama, itaombewa na nani?