Gesi Isiyonusika

Leo tuzungumzie gesi inayoua bila kubisha hodi.

Huku Thika na Ruiru, mwezi wa Julai baridi huwa kali. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za chumba kimoja. Mama akimaliza kupika huingiza jiko la makaa ndani, dirisha likafungwa, watoto wakalala. Makaa yamekuwa mekundu, hayatoi moshi, kwa hivyo tunadhani ni salama. Sivyo. Makaa hayo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, nao mwili ukakosa hewa. Utaumwa na kichwa, utasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito.

Je, pua ikishindwa, ni nini kitakachotuonya? Kuna vifaa vidogo vya kutambua gesi. Ndani yake mna kitu ambacho umeme wake hubadilika gesi inapokifikia, na king'ora hulia. Wanasayansi wanaendelea kujaribu nyaya za metali nyembamba kuliko unywele mara elfu moja. Kwa wembamba huo, sehemu kubwa zaidi ya waya huguswa na hewa, hivyo hata gesi kidogo sana hutambulika. Nyingi za nyaya hizo zingali katika maabara.

Ukienda kununua kifaa, uliza kinatambua gesi gani. Cha gesi ya mtungi huenda kisitambue sumu ya makaa. Gesi ya mtungi ni nzito na hutulia chini, kwa hivyo kifaa chake huwekwa karibu na sakafu. Kaboni monoksaidi huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Kifaa chake kiwe pale mnapolala, mkisikie kikilia.

Huna kifaa? Basi jiko lilale nje. Ongeza blanketi, usiongeze makaa.

Mkiumwa na kichwa nyote kwa pamoja ndani ya nyumba, tokeni nje mara moja. Aliyezidiwa mkimbizeni hospitali, kama ile ya Thika Level 5, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa na jiko ndani. Neno hilo laweza kuokoa maisha.