Mswada Unapojifunza kwa Mwanafunzi: Malipo ya Waigizaji Wanagenzi katika Utungaji wa Tamthilia Mpya

Historia ya sanaa za maonyesho katika vyuo vyetu mnaifahamu, tangu idara ya Dar es Salaam ilipoanza katika miaka ya 1960 hadi chuo cha Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981, kwa hiyo sitairudia. Kilichonisimamisha hapa ni hoja inayosikika kila bajeti ya tamthilia mpya inapopangwa. Mtunzi atalipwa, fundi wa taa atalipwa, mshona mavazi atalipwa. Mwanafunzi wa uigizaji atapewa nauli na chakula, kwa kuwa anapata uzoefu, na uzoefu ni malipo tosha. Wanaoisema wengi wao wanaipenda sanaa hii na wameitumikia kwa muda mrefu. Hata hivyo naiona hoja dhaifu, na anayeumizwa nayo, mbali na mwanafunzi, ni tamthilia yenyewe.

Udhaifu wake ni kuchanganya kazi mbili zisizofanana. Mwanafunzi anayeigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein anakutana na matini iliyochapishwa mwaka 1969, iliyokwisha kuhakikiwa, kufundishwa na kuongozwa mara nyingi. Yeye anachota tu; akikosea, matini haipungukiwi na kitu. Katika kazi ya namna hiyo nakubali kwamba uzoefu ni fungu lake halali. Lakini mswada mpya haukamiliki kwenye meza ya mtunzi. Unahitaji mtu aseme maneno yake kwa sauti ili ijulikane ni sentensi ipi inamkata pumzi, ni tukio lipi limekaa pasipo sababu, ni mhusika gani ameingia jukwaani bila kutaka chochote. Majibu hayo hutoka katika mwili na akili ya mwigizaji, kisha mtunzi anarudi kuandika upya. Hapo mswada ndio unaojifunza kwa mwanafunzi. Kumwambia kwamba amelipwa kwa uzoefu ni kumhesabia faida iliyokwenda kwa mwingine.

Mfano ninaourejea kila mara ni tamthilia ya Mad Forest ya Caryl Churchill. Miezi michache baada ya mapinduzi ya Desemba 1989 yaliyomwangusha mtawala wa Romania, Nicolae Ceaușescu, Churchill na mwongozaji Mark Wing-Davey walikwenda Bucharest pamoja na wanafunzi wa uigizaji wa Central School of Speech and Drama ya London. Walifanya kazi na wanafunzi wenzao wa Romania, wakazungumza na watu waliokuwa mitaani siku zile, na mwaka huohuo wa 1990 tamthilia ikawa jukwaani London na baadaye Bucharest kwenyewe. Tazameni sehemu yake ya kati. Mashahidi, miongoni mwao daktari, mwanajeshi, muuza maua na dereva wa tingatinga, wanaisimulia hadhira yale waliyoyaona, kila mmoja kwa upande wake, bila kusemezana. Umbo hilo lina alama ya namna lilivyopatikana: vijana waliotumwa kusikiliza, wakarudi na namna mtu alivyositasita na namna alivyokwepa swali. Kalamu ni ya Churchill, na ustadi wa kupanga ni wake. Lakini ondoeni wale vijana, na sehemu hiyo inakosa udongo wa kufinyangia. Nautumia mfano huu kuonyesha ukubwa wa kazi yenyewe; bei yake ni lazima tuipange sisi.

Wapinzani wangu wana ushahidi mmoja mzito, nao ni kituo cha kijiji cha Kamiriithu, nchini Kenya. Mwaka 1977, huko Limuru, wakulima na wafanyakazi wa mashamba na viwandani waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walijenga ukumbi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi hadharani, wakausahihisha mswada, na wote walijitolea. Je, si kazi kubwa iliyozaliwa bila mishahara? Ndiyo. Lakini kituo kilikuwa cha kijiji, na simulizi lilikuwa la maisha yao. Walijitolea kwa mali yao wenyewe. Mwanafunzi wetu anajitolea kwa mswada ambao jina lake halitakuwemo, na haki yake haitakuwepo. Anayetaka kuiga Kamiriithu aanze na umiliki huo. Akichukua kujitolea peke yake ameacha kiini.

Marekani walilijua jambo hili la umiliki kwa kuchelewa. A Chorus Line ya Michael Bennett, iliyofika Broadway mwaka 1975, ilitungwa kutokana na mazungumzo yaliyorekodiwa ya wacheza dansi, ambao waliuza visa vyao kwa dola 1. Mwaka 2019 chama cha waigizaji huko, Actors' Equity, kiligoma kushiriki maabara za michezo mipya mpaka kikapata asilimia 1 ya faida kwa wanaosaidia kuikuza. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kwa matini na mtendaji kwa utendaji. Anayebuni sentensi katikati ya mazoezi, ikaingia kwenye mswada, amesimama baina ya wawili hao, na ni mkataba tu unaoweza kumsitiri.

Kuna pingamizi la kitaaluma ninaloliheshimu zaidi: malipo yatavuruga upimaji, mwanafunzi atafukuza fedha na mhadhiri atageuka mwajiri. Hatari ipo, na dawa yake ni kuitenga kazi hiyo na alama: isiwe sehemu ya kozi inayotahiniwa, na atakayemlipa asiwe atakayemsahihisha. Ila nawaomba muutazame utaratibu wa sasa kwa jicho hilohilo. Mwanafunzi anayesoma bure mswada wa mwalimu wake hawezi kusema kwamba onyesho la tatu limelala. Anasifu, kwa sababu alama zake ziko mikononi mwa mtunzi. Mwenye mkataba ameajiriwa aseme kasoro, na mtunzi anayeogopa kuisikia hana haja ya kuita waigizaji. Tena asiyelipwa hukosa mazoezi siku akipata kazi ya ushereheshaji harusini, nasi hatuna haki ya kumlaumu. Mtunzi naye hupunguza wahusika ili mswada usimwangukie. Nina imani, na sitaiacha hata nikibaki peke yangu, kwamba uchache wa tamthilia zetu zenye wahusika wengi una mzizi wake mmoja hapo.

Hakuna fedha, tutaambiwa. Mikopo ya wasanii haifai kwa hatua hii, kwa kuwa mkopo hudai marejesho na rasimu haina mlango wa kukatia tiketi. Inahitajika ruzuku, au fungu la utafiti la chuo, maana kujaribu mswada mbele ya mwigizaji ni utafiti sawa na kukusanya data vijijini, ambako mkusanyaji hulipwa posho na hakuna anayemwambia kuwa amepata uzoefu. Hata pasipo ruzuku, bajeti ya onyesho moja hugawika. Jukwaa likiwa na viti viwili na pazia jeusi, fedha za mandhari zinaweza kuwalipa waigizaji kwa majuma ya mwanzo, kabla mtunzi hajaamua mchezo unaishaje.