Mgeni wa Siku Moja Shambani na Wajibu wa Chama cha Msingi

Mazungumzo ya Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mbele ya mkutano wa makatibu na wajumbe wa kamati



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo zamani lisingeingizwa katika ajenda ya mkutano wa wakulima wa kahawa. Jambo lenyewe ni mgeni wa siku moja. Namkusudia yule mtu anayelala mjini Moshi au jijini Arusha, akamwajiri mwongoza wageni kwa ajili yake peke yake au jamaa yake, akapanda kwa gari asubuhi mpaka kwenye vihamba vyetu, akashinda nasi, na jioni akarudi alikotoka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo naomba tuulizane: je, mwenyeji hupona kweli? Na asipopona, kosa ni la nani?

Kwanza tufahamu kwa nini anakuja. Wengi wa wageni hawa wamekuja nchini kwa ajili ya kupanda Mlima au kutazama wanyama mbugani. Huwa wamebakiwa na siku moja kabla ya safari yao au baada yake, nao hupenda kuitumia mahali ambapo watu wanaishi na kufanya kazi. Wanachokitafuta kwetu si hoteli. Wanataka kukiona kihamba.

Sisi tuliozaliwa ndani ya kihamba twakiona kuwa ni kitu cha kawaida, lakini si cha kawaida. Juu kabisa iko miti mirefu kama mruka na mringaringa, itupayo kivuli, kuni na mbao. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi na maharage. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini kwa majani ya mgomba na nyasi zilizokatwa bondeni, na samadi yao hurudishwa shambani. Maji hushuka kwa mfongo uliochimbwa na mababu, na kila ukoo hujua siku yake ya kumwagilia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Basi mgeni anapopanda huku, anafuata kitu chenye thamani, na mwenye kitu chenye thamani hana sababu ya kukitoa kana kwamba ni sadaka.

Aidha, tunayo historia ya kumweleza. Kahawa ililetwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wa Kiafrika wa mlima huu waliunda chama chao cha kuulinda mmea huo na kuuza mazao yake, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha KNCU. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na Serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Katika miaka ya 2000 KNCU yenyewe ilianzisha mradi wa kuwapokea wageni katika mashamba ya kahawa, uitwao Kahawa Shamba. Kwa hiyo kumpokea mgeni kwa njia ya ushirika si jambo geni wala si la aibu. Aibu ni kumpokea ovyo.

Ndugu Wanachama, sasa naomba radhi nieleze kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha haya nitakayoyasema.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Oktoba, mwongoza wageni mmoja kutoka mjini alinipigia simu usiku. Alisema kesho yake angeleta watu watano, akaomba nimtafutie nyumba ya kuonyesha kazi ya kahawa na kupata chakula cha mchana. Sikuitisha kamati wala sikuuliza bei. Nilimchagua mama mmoja mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi, kwa kuwa kihamba chake kiko karibu na barabara na ni kisafi. Nilipofika kwake alfajiri kumpa habari, nilimkuta yeye na wajukuu wake wawili wakijiandaa kuchuma. Hakukataa. Mgeni hakatazwi mlangoni.

Siku hiyo walichuma madebe mawili ya kahawa mbivu. Saa nne wageni wakafika. Mama akaacha mashine yake ya kumenyea, akaingia jikoni kupika mtori na ndizi za nyama. Kisha akatakiwa aonyeshe kumenya kidogo, kutwanga kinuni, kukaanga juu ya moto wa kuni na kupika kahawa ya kunywa. Wageni walifurahi sana, wakauliza maswali mengi, nasi tukawajibu. Walipoondoka ilikuwa saa kumi, na mvua ikanyesha. Kahawa mbivu ikalala katika gunia.

Ninyi nyote mnajua maana yake. Kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Ikilala guniani hupata joto na kuanza kuchacha ndani ya ganda lake, na harufu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa jua. Baada ya wiki mbili na zaidi Mama alileta kahawa yake iliyokauka kwenye mizani ya chama. Harufu ilikuwa imeiharibu. Aliyeshika kalamu siku hiyo ni mimi, na ni mimi niliyeiandika katika daraja la chini. Mama alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Katibu, mwanangu, siku ile ulinipa wageni, na leo wanipa daraja la chini."

Jambo la pili lilinichoma zaidi. Siku ile ya wageni, kabla hawajapanda gari, mzee mmoja miongoni mwao alipita ofisini kwangu akauliza, kwa heshima, ni kiasi gani cha fedha walizolipa mjini kitamfikia yule mama. Sikuwa na jibu. Mwongoza wageni alikuwa amemwachia Mama shilingi elfu kumi za chakula cha watu watano, na mimi sikujua wageni walilipa kiasi gani, kwa maana sikuuliza. Katika kabati langu kulikuwa na kitabu cha mbolea, kitabu cha dawa na kitabu cha mizani. Cha wageni hakikuwapo.

Nilikwenda mbele ya kamati nikaeleza yote. Wazee wakaniagiza nifanye kama ilivyo desturi yetu. Nikachuma jani la isale, nikaenda kwa Mama pamoja na mzee mmoja wa ukoo wake, nikaomba msamaha. Alilipokea jani, akasema, "Nimekusamehe. Wageni siwachukii. Lakini jani hukauka, Katibu. Yaandike kitabuni." Basi mengi ya taratibu tunazozifuata hivi leo yalitokana na neno hilo la Mama, nami nitazitaja moja baada ya nyingine.

Kwanza, uamuzi wa kupokea wageni uwe wa chama, wala si wa Katibu peke yake. Sisi tulilipeleka jambo hili katika mkutano mkuu wa wanachama, kwa kuwa chama huongozwa na masharti yake, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatutaka tuyafuate. Ikiwa masharti ya chama chenu hayaitaji kazi ya namna hii, mwoneni Afisa Ushirika kabla ya kuanza.

Pili, mwongoza wageni aonyeshe leseni yake. Kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 kazi hii hufanywa kwa leseni. Asiye nayo, hata awe ndugu yetu wa damu, tunamwomba kwa adabu aipate kwanza. Kadhalika atoe taarifa siku mbili kabla, aeleze idadi ya wageni, saa ya kufika na saa ya kuondoka.

Tatu, bei ijulikane na iandikwe ukutani, ili mgeni aisome kwa macho yake. Sisi tulikubaliana kwamba katika kila shilingi kumi ziingiazo, tano ni za nyumba iliyopokea, mbili ni za kijana wa kijijini anayefuatana na wageni, mbili ni za mfuko wa chama, na moja ni ya kusafisha mfongo na njia. Chakula hulipwa mbali. Sisemi kwamba mgawanyo huu ndio bora kwa kila chama. Nasema kwamba mgawanyo wowote uamuliwe na wanachama wenyewe, na ujulikane na wote.

Nne, stakabadhi. Kila malipo yaandikwe kwa nakala tatu: moja ya mwongoza wageni, moja ya mwenye nyumba, na moja ibaki kitabuni kwa ajili ya mkaguzi. Makatibu wenzangu, fedha ya mgeni ni ndogo, hutoka mfukoni na hupokewa kwa mkono, na kwa sababu hiyo ndiyo iharibuyo vyama upesi. Wanachama husamehe bei mbaya ya soko, lakini hawasahau shilingi iliyopotea ofisini.

Tano, kazi ya kahawa isisimame kwa ajili ya mgeni. Hapa pana ugumu wa kweli, na tusijifiche. Wageni wengi huja katika kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba, nasi huanza kuchuma Julai na kuendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Majira yao na yetu yanagongana. Kwa hiyo tumeweka zamu ya nyumba kumi na mbili, na nyumba inayochuma siku hiyo haipewi wageni. Kahawa ya kuonyeshea hutolewa na chama katika kikapu kimoja kidogo, nayo haichanganywi na ya kuuza. Aidha, mtu asiye na kazi ya kumenya, kuosha au kuanika ndiye ashughulikiaye jiko.

Sita, tumweleze mgeni ukweli. Aliyemwajiri mwongozaji kwa ajili yake peke yake amekuja kuuliza, wala hakuja kupita tu. Mwambieni kwamba zahitajika kilo tano au sita za kahawa mbivu ili kupata kilo moja ya kahawa safi. Mwonyesheni mti mzee ulioshambuliwa na chulebuni, na mche mpya unaohimili ugonjwa huo. Mwelezeni kwamba vijana wengi wameondoka, na kwamba wapo walioing'oa mibuni kwa sababu ya bei. Nimegundua kwamba mgeni humheshimu zaidi mkulima anayemweleza shida zake bila kuomba kuliko yule anayempambia hadithi.

Saba, heshima ya nyumba. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa picha za watoto. Watoto wasifundishwe kunyoosha mikono. Mwenye kutaka kutoa zawadi ya madaftari au fedha aipeleke ofisini, ipewe stakabadhi. Mbege ikitolewa itolewe kwa adabu, baada ya mgeni kuelezwa kwamba ni ndizi, ulezi na gome la msesewe, na kwamba ni pombe. Asiyekunywa asilazimishwe.

Ndugu Wanachama, wapo wanaosema kwamba chama cha kahawa kikishughulika na wageni kitasahau kahawa. Hofu hiyo ni ya haki, nami niliiona ikitimia katika gunia la Mama. Wako pia wanaosema kwamba wageni watatuondolea umaskini. Hao nao wamekosea. Mgeni wa siku moja hawezi kuchukua nafasi ya bei nzuri ya kahawa, na wala asitufanye tuache kuidai. Msaada wake ni huu: fedha yake huja siku ile ile, wakati ambapo fedha ya kahawa bado iko njiani, nayo husaidia kununua sare ya mtoto au dawa ya mibuni. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe kisiwe kimetoboka.

Namaliza kwa habari ya Mama yule. Msimu uliofuata zamu yake ilimwangukia siku ambayo hakuwa na kahawa ya kumenya. Wageni wanne walikuja, wakala, wakaondoka mapema alasiri. Jioni alikuja ofisini akiwa na nakala yake ya stakabadhi. Hajui kusoma sana, kwa hiyo aliniomba nimsomee tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akamwomba mjukuu wake naye azisome, ili ahakikishe kwamba sote wawili twasema neno moja. Tulisema neno moja. Akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga yake, akarudi nyumbani.

Makatibu wenzangu, mwanachama ana haki ya kuhakikisha namna hiyo, nasi hatuna haki ya kukasirika anapofanya hivyo. Mkirudi kwenye vyama vyenu, kabla ya kumkaribisha mgeni yeyote, nunueni kwanza kitabu.