Tulivyothibitisha Biashara ya Kikundi Kwenye Google
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Likoni)

Mlituomba tueleze jinsi kikundi chetu kilivyothibitisha biashara yake kwenye Google. Tutasema yote, hata pale tulipokosea, ili nyinyi msirudie makosa yale.

Kama mnavyojua, sisi tunakodisha maturubai, viti na sufuria za harusi na matanga. Zamani mwenye shughuli aliuliza jirani, akaelekezwa kwetu. Siku hizi mtu yuko Kisauni au Changamwe, anashika simu, anatafuta viti vya kukodi, na anampigia yule anayemwona kwanza. Sisi hatukuwemo. Viti vinakaa stoo, na mkopo tulionunulia unadai!

Kuandikisha biashara huko ni bure. Mpango huo ulianza 2014 kwa jina la Google My Business, na tangu 2021 unaitwa Google Business Profile. Lakini kujaza jina peke yake hakutoshi. Wanataka uhakika kwamba biashara ipo, ipo pale unaposema, na wewe ndiwe msimamizi. Njia ya kuthibitisha huichagui mwenyewe. Wengine hutumiwa nambari ya siri kwa simu au barua pepe, wengine kadi kwa posta, na wengi siku hizi huambiwa wapige video. Kadi ni taabu kwetu, kwa maana barua zetu huja sandukuni, na sanduku la posta halikubaliwi kuwa anwani ya biashara. Sisi tuliambiwa video.

Video ya kwanza ilikataliwa. Tulilalamika wee! Kisha tukaketi tukaitazama pamoja, tukaona makosa ni yetu.

Kwanza, jina. Cheti cha kikundi kilikuwa na jina moja, kibao jina jingine, na kwenye simu tulikuwa tumeongeza maneno "bei nafuu Likoni". Sasa mwenye majina matatu nani atamwamini? Tukarudi kwenye jina la cheti, tukapaka kibao upya.

Pili, mahali. Vichochoro vyetu vingi havina majina, wala nyumba hazina nambari. Alama yetu kwenye ramani tuliiacha karibu na feri, na stoo iko Mtongwe. Tukaivuta kwa kidole mpaka juu ya paa letu.

Tatu, video yenyewe. Tulianzia ndani, gizani, tukaunganisha vipande viwili. Inatakiwa iwe moja isiyokatwa. Anza nje: onyesha barabara na maduka ya jirani, kisha kibao. Halafu fungua kufuli kwa ufunguo wako, ingia, onyesha mali. Huko kufungua ndiko kunakoonyesha kwamba wewe si mpita njia. Usionyeshe sura za watu, wala nambari za kitambulisho au za benki. Majibu huweza kuchukua mpaka siku 5 za kazi. Wakati unangoja, usibadilishe jina wala anwani.

Na anayepika mahamri nyumbani, asiyetaka wateja mlangoni? Yeye aifiche anwani, ataje mitaa anayopelekea. Kwenye video aonyeshe vyombo vyake vya kazi.

Sasa lile lililotutia hofu. Tukiwa bado tunangoja, mtu alipiga simu akasema yeye ni wa Google. Akataka shilingi 5,000, na katibu wetu amsomee nambari iliyoingia punde hivi kwenye simu. Katibu alishaanza kusoma! Mweka hazina akauliza, "Kwani si bure?" Yule mtu akakata simu. Ndugu zetu, nambari ile ni ufunguo wa stoo. Anayeipata aweza kuweka simu yake mahali pa simu yenu, na arubuni ya mteja ikaingia mfukoni mwake kwa jina lenu. Google haitozi pesa kuthibitisha biashara. Nambari ya siri msimsomee mtu yeyote anayepiga simu.

La mwisho ni akaunti. Tulikuwa tumefungua kwa barua pepe ya kijana wetu mmoja. Kijana mwaminifu, lakini akapata kazi Ghuba. Kabla hajaondoka tulifungua barua pepe ya kikundi, akaiweka kuwa mwenye mali, na maofisa wawili wakaongezwa kuwa wasimamizi. Tuliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu za mkutano, kama tunavyoandika nani ana ufunguo wa sanduku la fedha. Angeondoka kabla ya hapo, tungebaki kuomba umiliki wa jina letu wenyewe. Viongozi hubadilika, mali ya kikundi lazima ibaki.

Video ya pili ilikubaliwa. Simu ya kwanza ilitoka Changamwe: viti 100 na maturubai mawili, shughuli ya Jumamosi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Je, cheti chetu, kibao chetu na simu zetu vinataja jina moja?
2. Akaunti yetu iko mikononi mwa nani, na akihama itakuwaje?
3. Mtu akipiga simu leo kuomba nambari ya siri, kila mwanachama anajua la kujibu?