Kuchunguza Somo kwa Pamoja: Njia ya Kuboresha Ufundishaji wa Hisabati



Nimeombwa nizungumzie uhusiano kati ya watafiti wa elimu ya hisabati na walimu wanaolifundisha somo hilo kila siku. Hoja yangu ni hii: ufundishaji wa Hisabati utaboreka pale mwalimu atakapohesabiwa kuwa mtafiti wa somo lake mwenyewe, akiwa na wenzake, ndani ya saa za kazi. Semina zina kazi yake, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya utafiti huo.

Hali yenyewe tunaijua. Katika matokeo ya Kidato cha Nne hapa Tanzania ya 2021 na 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Kila matokeo yakitoka, lawama hushuka ngazi: chuo kikuu kinailaumu sekondari, sekondari inailaumu shule ya msingi, na mwalimu wa Darasa la Sita anamtupia mwenzake wa Darasa la Pili. Wakati huo daftari la mtoto limefungwa.

Tulifungue. Swali ni 62 toa 28, na mtoto ameandika 46. Wengi wetu tutaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kuandika "rudia". Lakini tazameni alivyofanya. Upande wa mamoja ameona 2 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 6. Upande wa makumi ametoa 2 kwenye 6, akapata 4. Mtoto huyu ana kanuni na anaifuata kwa uaminifu. Tena huenda kanuni hiyo tumempa sisi, pale tulipomwambia kwamba namba kubwa haitolewi kwenye ndogo. Tukimwambia arudie, ataitumia ileile. Anachohitaji ni vijiti: mafungu sita ya kumi kumi na vijiti viwili pembeni, afungue fungu moja kwa mikono yake na kuona kwamba sasa ana mamoja 12.

Jirani yake kwenye dawati hilohilo ameandika 44. Huyu amekopa vizuri, 12 toa 8 ni 4, ila amesahau kwamba makumi yamebaki 5. Makosa mawili, vyanzo viwili, tiba mbili. Kwenye karatasi ya matokeo wote wawili wamepata sifuri, na sifuri haimwambii mwalimu lolote la kufanya kesho.

Kusoma kosa namna hii kunahitaji ujuzi wa pekee. Lee Shulman wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1986: kuijua hisabati ni jambo moja, na kujua namna hisabati inavyoeleweka au kutoeleweka kichwani mwa mwanafunzi ni jambo jingine, na mwalimu anahitaji yote mawili. Mwaka 1999 Liping Ma alichapisha kitabu kilicholinganisha walimu wa shule za msingi wa China na wa Marekani. Swali lake moja lilikuwa kugawanya moja na robo tatu kwa nusu, kisha kutunga hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Walimu wote 72 wa China walipata jibu sahihi. Kati ya walimu 21 wa Marekani waliojaribu, walioikamilisha kwa usahihi walikuwa 9. Kwenye hadithi Wamarekani walikwama zaidi, kwani wengi walitunga hadithi ya kugawanya kwa mbili.

Naomba kila mmoja wetu aijaribu hapo alipo. Ukisema sukari kilo moja na robo tatu wagawane watu wawili, umegawanya kwa mbili, na kila mmoja atapata robo tatu na nusu ya robo. Kugawanya kwa nusu ni kupima sukari hiyo kwenye mifuko ya nusu kilo: inajaa mitatu, na wa nne unafika nusu. Jibu ni tatu na nusu. Mwalimu anayefundisha "geuza, kisha zidisha" bila mifuko hiyo anatoa jibu sahihi ambalo mwanafunzi hana pa kuliweka.

Walimu wa China waliupataje ujuzi huo? Wengi wao hawakuwa na miaka mingi ya chuo. Liping Ma anaonyesha kwamba walikuwa wakiusoma mtaala na vitabu kwa kina, na walikuwa na mazoea ya kujadiliana na wenzao shuleni. Japani wana utaratibu unaofanana na huo, wa kuchunguza somo. Walimu wa shule moja huchagua somo moja gumu na kuliandaa pamoja. Hubishana hata juu ya namba ya kuanzia: mtoto anayeanza kujifunza kukopa apewe 13 toa 9, au 12 toa 7? Ile ya kwanza humvuta atoe 9 kwenye kumi kisha aongeze 3. Ya pili huacha mlango wazi kwa njia nyingine. Kisha mmoja hufundisha, na wengine husimama darasani wakiwatazama wanafunzi na kuandika wanayoyafanya. Baadaye hukaa, hulijadili somo, hulirekebisha, na mara nyingine hulifundisha tena kwenye darasa jingine. Kinachojadiliwa ni somo, wala si mwalimu aliyelifundisha. Hilo ndilo linalompa mtu ujasiri wa kufungua mlango wa darasa lake.

Majirani zetu wa Kenya walianza mapema. Mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano na Japani, ulianza mwaka 1998 katika wilaya 9, ukawahimiza walimu wa sekondari wapange, watekeleze, watathmini na waboreshe, na wabuni zana kwa vifaa vilivyopo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mafunzo kama hayo, yanayoshushwa ngazi kwa ngazi kutoka kwa wakufunzi hadi kwa walimu, yana udhaifu wake popote yanapotumika: mwalimu hurudi shuleni na cheti, akiwa peke yake, na darasa la wanafunzi themanini humvuta arudie njia aliyoizoea.

Sisi tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, pamoja na jumuiya za ujifunzaji shuleni. Chombo hicho kimetengenezwa vizuri. Hofu yangu ni kwamba kitageuzwa kikao cha kusoma moduli kwa sauti, kusaini mahudhurio na kutuma picha. Jumuiya isiyo na madaftari ya wanafunzi mezani haijaanza kazi.

Kwa watafiti wenzangu nina neno moja gumu. Tumezoea kufika shuleni na dodoso, kukusanya data na kuondoka, na mwalimu haoni tena kilichoandikwa. Hiyo si haki. Tuingie kwenye jumuiya hizo kama wajumbe, tulete tunayoyajua kuhusu makosa ya watoto kwingineko duniani, nasi tufundishwe yale ambayo mwalimu wa darasa la wanafunzi themanini anayajua na sisi hatuyajui.

Ombi langu kwa mkutano huu ni dogo na linawezekana bila bajeti mpya. Muhula ujao, kila jumuiya ichague somo moja la Hisabati linalowashinda wanafunzi, iandae andalio moja la pamoja, ilifundishe mbele ya wenzake na kulirekebisha. Walimu wakuu wapange ratiba ili kipindi hicho wengine wawe huru kuhudhuria. Wathibiti ubora waje kama wachunguzi wenza, na fomu za ukaguzi siku hiyo waziache ofisini. Kisha tukutane tena, kila jumuiya ikiwa na madaftari ya watoto mkononi, tuanzie hapo.