Kibao Hakipo, Faini Ipo
(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa Reli mbele ya mkutano wa wanachama, Mautuma)



Tumeitwa tuseme juu ya barabara, na pengine wengine mnajiuliza, watu wa Reli wanajua nini juu ya matairi? Ni kweli, kazi yetu ni chuma. Lakini asubuhi hatufiki kazini kwa gari la moshi. Tunatoka hapa Mautuma kwa pikipiki au matatu mpaka barabara kuu, ile itokayo Eldoret kwenda Webuye hata Malaba, na huko twabanwa kama magunia ya mahindi. Tena ndugu zetu wengi ni madereva. Basi ugomvi wa dereva na askari wa trafiki ni ugomvi wetu pia, maana faini ya dereva mara nyingi hutoka katika mfuko wa abiria.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Siku moja tulikuwa watu saba katika pikapu ya kukodi, twarudi kutoka kazini. Tulipopita katika soko moja dogo lililo juu ya barabara kuu, askari akatoka nyuma ya mti na kipima mwendo mkononi. Akasema, mlikuwa mnakwenda kilomita 68, na hapa ni 50. Dereva akauliza, kibao cha 50 kiko wapi, afande? Tukatazama nyuma, tukatazama mbele. Kulikuwa na nguzo ya chuma peke yake, kibao chenyewe hakipo. Labda kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Askari akasema, mambo ya kibao mtamweleza hakimu. Katika orodha ya faini za papo hapo iliyotolewa mwaka 2016, kuzidisha mwendo kwa kilomita 6 mpaka 10 iliwekewa shilingi 500, 11 mpaka 15 shilingi 3,000, na 16 mpaka 20 shilingi 10,000. Sisi tulizidisha 18. Yule dereva hakuwa na shilingi 10,000 mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Mwisho yalisemwa maneno ya pembeni, na dereva akarudi kwetu akisema, changeni. Tukachanga. Ndiyo, wanachama wa chama hiki tulichanga, wala hatukupewa risiti, na nyumbani tulisema kwamba nauli imepanda.

Twalisema jambo hili wazi kwa sababu tumechoka kusikia madereva wakilia juu ya rushwa kana kwamba pesa hutembea zenyewe mpaka katika kofia ya askari.

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Trafiki, Sura 403, ambayo ilianza kutumika mwaka 1954, yasema mwendo katika miji na masoko usizidi kilomita 50 kwa saa. Lakini sheria ile ile humpa kazi mwenye barabara pia. Yampasa aweke vibao na kuvitunza, ili dereva aone waziwazi mahali amri inapoanza na mahali inapokwisha. Maneno haya madereva wengi hawayajui, na wanaoyajua hawana nafasi ya kukaa kortini siku tatu ili wayaseme.

Hapa tunaweza kueleza jinsi Reli inavyofanya. Sisi wa genge tunapoinua njia au kubadili mataruma, dereva wa treni hupewa habari kwa maandishi kabla hajaondoka, kwamba mahali fulani mwendo utapunguzwa. Tena sisi hutangulia tukasimamisha kibao mbali na mahali pa kazi, apate nafasi ya kushika breki. Penye hatari kubwa kuna bendera nyekundu, na fataki juu ya reli zimwamshe hata kama amesinzia. Kibao kikianguka, mnyapara wetu ndiye ataulizwa kwanza. Hakuna mtu wa Reli anayejificha nyuma ya mti akingoja dereva akosee.

Lakini ndugu madereva, msipige makofi bado. Dereva wa treni akiona kibao cha 15 huenda 15, hata kama haoni mtu wala shimo. Hasemi njia hii naijua tangu utoto. Ninyi je? Hata mahali ambapo kibao kimesimama wima na rangi yake mpya, mwapita kama kwamba kimewekwa kwa ajili ya ng'ombe.

Fikirini hesabu hii. Kwa kilomita 50, gari hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kwa kilomita 80, mita 22. Kwa 110, mita 30 na zaidi. Hizo zimekwisha kabla mguu haujagusa breki. Halafu mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne. Mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hajui hesabu hiyo. Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katika matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50, na wengi wao walikuwa kazini, wakiuza tu mboga.

Na mahali reli inapokatana na barabara, tafadhali sana. Injini peke yake huweza kufika karibu tani 100, na nyuma yake kuna mabehewa ya mizigo. Dereva wa treni akikuona umekwama juu ya njia, atapiga honi na kushika breki, lakini atakuja tu, mamia ya mita. Hawezi kukukwepa. Tumewaona wenye pikipiki, abiria watatu nyuma, wakishindana na injini. Sisi huku na majembe yetu twafumba macho.

Kuhusu adabu hatutakawia sana, mwaijua wenyewe. Taa kali usiku usoni mwa mwenzako. Kupita gari jingine mlimani. Trekta za miwa zenye tela mbili na hakuna hata taa moja nyuma. Matatu kusimama katikati ya njia kwa sababu mama mmoja amepunga mkono. Na sisi abiria tusamehewe? Ni nani anayepiga kelele, dereva, hii ni gari au ni jeneza, ongeza moto?

Lakini jambo kubwa kwetu wenye chama ni hili. Tangu tarehe 1 Februari 2004, zile kanuni za Waziri Michuki zilipoanza, matatu na mabasi yalifungwa kidhibiti mwendo kisizidi kilomita 80, pamoja na mikanda. Wengi tulifurahi. Baada ya muda, gavana hizo zikaanza kufunguliwa usiku katika gereji. Nani alitoa amri? Si dereva peke yake. Tajiri anataka hesabu yake jioni, kiasi kile kile mvua ikinyesha au isinyeshe, na kinachobaki ndicho chakula cha dereva na makanga. Mtu wa namna hiyo akienda 80, watoto wake hulala njaa. Akienda 110, hulipa askari. Yeye yuko katikati kama mahindi kati ya mawe ya kusagia, na sisi tumekaa nyuma yake bila mkanda.

Kwa hiyo twaiomba kamati ichukue mambo mawili mbele. La kwanza, madereva wapewe mshahara wa mwezi na karatasi ya mapatano ya kazi, si hesabu ya jioni. Mwenye mshahara hana haja ya kukimbia. La pili, tuandike orodha ya vibao vilivyopotea toka Turbo mpaka daraja la Kipkarren, na masoko yote yasiyo na alama, tuipeleke kwa wenye barabara na nakala kwa mkuu wa polisi. Kila mwanachama anayejua mahali pamoja alete jina kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia.

Yule dereva wa pikapu yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango. Amekubali kuandika lile soko la kwanza yeye mwenyewe.